Mzee Karudi, Aliyeomba Aitwe Kabla ya Kufunikwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa pili wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, mliyemfahamu kwa jina la Mzee Karudi, ila kabla sijaanza naomba mniwie radhi kwa mambo mawili, kwamba kifuniko cha jeneza bado kimeegemezwa ukutani, na kwamba nitasoma polepole kuliko ilivyo desturi, kwa kuwa yote mawili ni maagizo yake mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pekee wa fundi cherehani na mkewe, na hakubahatika kumjua baba yake, kwani babu alikutwa asubuhi moja amelala kimya, mwili umelegea, pumzi haionekani, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo hadi marehemu alipofikisha miaka minane, naye akakutwa vivyo hivyo, majirani wakajaa, vilio vikaanza, seremala akaitwa kuchukua vipimo, akaleta na jeneza dogo, lakini bibi akakataa katakata, akainama sikioni mwa mwanawe na kumwambia maneno yaleyale aliyomwambia kila asubuhi, "Baba, amka ule," naye akafumbua macho. Baadaye alisimulia yote aliyoyasikia, nani alilia kweli na nani alijilazimisha, jinsi futi ya seremala ilivyokuwa ya baridi kwenye paji la uso, na jinsi wanaume wawili walivyobishana kuhusu urefu wa jeneza.

Hapo ndipo alipopewa jina la Karudi, na hapo ndipo bibi alipoelewa kuhusu mumewe jambo ambalo hakulitamka maisha yake yote, ila watu walimwona jioni amekaa kando ya kaburi la babu, kichwa kakiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio iliyopunguzwa sauti. Lile jeneza dogo seremala alikataa kulichukua tena, likawa sanduku la kuwekea madaftari.

Marehemu alisoma shule ya msingi na sekondari kuanzia mwaka 1958 hadi 1970, huku akizimika mara kwa mara, kama tulivyozoea kuuita ugonjwa huo nyumbani, na walimu wakimchapa kwa usingizi ambao hakuwa amelala.

Mwaka 1972 aliajiriwa hospitalini, kitengo cha mochwari, na alipoulizwa kwa nini anaitaka kazi inayokimbiwa na wenzake, alijibu kwamba anataka kuhakikisha. Kila aliyeletwa alimwamkia kwa adabu, akasubiri kidogo, ndipo akafungua jokofu, na wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Tarehe 14 Agosti 1981 alizimika akiwa kazini, akaanguka kati ya meza mbili, na mwenzake mmoja mgeni, akidhani ni maiti iliyosahaulika sakafuni, akamwingiza jokofuni na kufunga mlango. Baba alisikia komeo likiingia, akasikia na mluzi wa mwenzake ukienda mbali. Kilichomwokoa ni buti, kwani yule bwana, kikombe cha chai mkononi, alianza kujiuliza ni maiti gani inayovaa buti za kazi na kuning'iniza funguo za mochwari kiunoni.

Daktari aliyekimbia kumhudumia, mtafiti wa magonjwa ya misuli, ambaye sisi watoto tulimwita Daktari Mrefu, hakuwahi kuona kitu cha namna ile, akaomba ruhusa ya kukichunguza, na kwa miaka mingi baba alikuwa akilala kwenye chumba cha mwisho cha ghorofa ya pili, nyaya kifuani, akizimishwa kwa makusudi ili damu yake ichukuliwe na kupimwa. Alipozinduka aliwarudishia mazungumzo yao yote, pamoja na yale waliyomsema mkuu wao wa kitengo, hata wauguzi wakajifunza adabu. Hatimaye iligundulika kwamba chumvi fulani hupungua ghafla katika damu, misuli yote hulegea, lakini moyo hausimami, bali huacha kwenye mashine wimbi dogo mno, ambalo jicho lenye haraka huliona kuwa mstari ulionyooka, na kwamba vidonge vya chumvi hiyo huzuia hali hiyo. Niliwahi kumuuliza aliwezaje kukubali kurudishwa kule tena na tena, akaniambia kwamba kila anapokuwa kule humfikiria baba yake, jinsi alivyousikia udongo.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 4 Desemba 1976, akazimika meza kuu, wageni wakaendelea kula wakidhani bwana harusi ana aibu, na tangu siku hiyo mama hakutoka bila kioo kidogo mkobani, si cha kujipodoa, bali cha kumwekea puani. Walijaliwa watoto watatu, na kati yetu mimi ndiye niliyerithi. Nilipozimika mara ya kwanza nilikuwa na miaka sita, nikipiga kelele ambazo hazikutoka, nikasikia sauti ya baba sikioni, "Najua upo, mama, tulia, tunakusubiri." Tangu vidonge vipatikane sijazimika tena.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2019, akafariki dunia tarehe 2 Juni 2023 hospitalini. Daktari Mrefu, aliyestaafu zamani na anayetembelea fimbo, alikuja mwenyewe, akaunganisha mashine, akaitazama sana, akaiunganisha tena. Mstari ulikuwa umenyooka. Hata hivyo tumesubiri siku tatu, na katika siku hizo hakuna aliyethubutu kutaja habari za kugawana shamba mbele yake, maana tunamjua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa mochwari, ambao wameniambia kwamba siku hizi wote huwaamkia wanaoletwa.

Limebaki agizo moja. Daktari ana hakika, nami namwamini, lakini usiku wa jana nilitumaini hadi nikaona haya. Naomba tunyamaze, na watoto watulizwe, ili asikose kusikia.

Baba, amka ule.

Baba. Najua ungejibu kama ungeweza. Amka ule.

Asanteni kwa kusubiri. Fundi, sasa unaweza kufunika.

Pumzika kwa amani.