Agnella Hakuninyima Wali

Sikilizeni wanangu, na sogeeni karibu, maana daktari amenikataza kupaza sauti. Wosia niliowapa kabla sijapasuliwa moyo, nikiamini sirudi, ufuteni. Nimerudi! Juzi nimetembea kutoka hapa Kibaoni hadi kanisani bila kushika ukuta wa mtu, nikawa nacheka peke yangu njiani kama mwehu. Mungu wangu, kumbe pumzi ni tamu hivi!

Shamba la kule kijijini Mbingu gawaneni sawa, Stumai na Fulgensi, na mpaka wetu na shemeji yangu Hermenegildi msiuguse. Ugomvi ule ulikuwa wa marehemu baba yenu, akaondoka nao. Mwacheni alale nao.

Sasa nililowaitia. Stumai mwanangu, nimesikia mmekaa na shangazi zako mkaamua kaka yako Fulgensi amrudishe mkewe Agnella kwao Mngeta, eti mkwe ananinyima chakula ili nife arithi nyumba, kwa kuwa zamani nilikuwa mnene na sasa magauni yananivuka. Loo! Huku kwetu mtu akipungua, lazima atafutwe aliyemla. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, mwanangu. Daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia nipunguze mwili, moyo ulioshonwa usibebeshwe gunia, na Agnella alikuwepo, akasikia, akatenda. Wali akanipimia kwa kikombe cha chai, sahani akaijaza majani ya maboga na mlenda, samaki perege akamchemsha kwa nyanya na limau, kopo la chumvi akalificha. Nikinuna ananiambia, "Kula kwanza mama, kununa utamalizia baadaye."

Na zile hotipoti zako, Stumai, za wali wa nazi na nyama ya mafuta, ulizonipitishia dirishani? Nilizila zote, maana kwetu chakula cha mtoto hakirudishwi, nikaishia kulazwa tena miguu imevimba. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawakusema daktari naye asiulizwe. Sikulaumu, ulinilisha kwa mapenzi, ila mapenzi yako yalizidi chumvi.

Fulgensi, mkeo haendi popote. Nyumba hii ni yenu wawili, na jikoni asiingie mtu kumfundisha kupika. Siku nikifa, maana nitakufa tu, asisimame mtu msibani kusema nilikufa na njaa. Semeni bibi huyu alikula akashiba, akatembea, akacheka.

Nipeni maji... Msishtuke, sifi, nimechoka tu. Maneno nayo yanakula pumzi.

Haya, njooni niwabariki. Hapana, Stumai, ngoja. Waliotoka tumboni mwangu watangoja leo. Agnella, piga magoti hapa, mama... usilie, utanitoa machozi na mimi. Mungu akupe uzee mrefu... na katika uzee huo... akupe mkwe kama wewe.