Gomesi za Siku ya Wageni

Wasikilizaji wapendwa, mlijua. Mlipita Bwaise, hapa Kampala, mkasikia mtoto analia ndani na mama yake kimya, mkaongeza mwendo. Mkasema, huyo mama ni mtulivu. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakuongeza mwendo. Lamwaka, Mama Okeny wa Bwaise, mjane wa askari polisi, mzaliwa wa kaskazini. Ugonjwa wa moyo ulimchosha. Tumemzika Jumanne.

Ukiacha wanawe, anayemlilia zaidi ni Moreen. Moreen alitoka Kenya kumfuata mumewe Sylvanus, muuza sufuria wa soko la Kikuubo. Alipojifungua, akawa wa kulala tu akitazama ukuta. Maziwa yanalowesha nguo, mtoto analia, yeye hageuki. Majirani wakamsifu: hana kelele, hana umbea. Lamwaka akaingia bila hodi.

"Wewe Moreen! Mtoto analia, wewe unaangalia ukuta. Ukuta itakuita mama?"

"Niache, Mama Okeny. Nimechoka."

"Utachokea kule kwetu. Leta beseni."

Kule kwetu kilikuwa chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga. Akina mama waliogesha watoto pamoja, wale walioanza kutambaa wakigonga vikopo, na muuguzi wa afya ya akili akaongea na mmoja mmoja pembeni. Kodi, maji, mshahara wa muuguzi, vyote vililipwa na ruzuku, fedha za wafadhili. Moreen akaanza kupata usingizi. Siku moja mwanawe alimrushia maji, Moreen akacheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

Kisha wafadhili wakaja kutazama. Hapa ndipo ninapoumia.

Lamwaka alilelewa kumheshimu mgeni. "Mgeni utampokea na machozi? Aibu, bambi!" Akaazima gomesi, yale magauni marefu ya sherehe, mtaa mzima, akawasuka wenzake, akawapanga wacheze ngoma. Hata dada mmoja aliyeletwa asubuhi ile, hasemi neno, alipakwa mafuta usoni akasimamishwa mstari wa mbele. Wageni wakapiga makofi. Wakasema hawa wamepona. Ruzuku ikapelekwa kwingine. Narudia, wasikilizaji: ruzuku iliondoka kwa sababu wagonjwa walicheza vizuri.

Na sisi? Wakubwa wa mtaa walikuwepo, wakala kuku. Nani alisimama akasema, jamani, hawa bado wanaumwa?

Muuguzi akaenda zake. Chumba kikafungwa. Lamwaka akabaki na beseni moja kibarazani kwake, akiitazama njia. Yule dada wa mstari wa mbele hakurudi tena. Lamwaka alimfuata, akakuta kufuli mlangoni. Okeny, mwanawe mkubwa, ametuambia: "Hata hospitalini mama alikuwa anamuulizia. Anasema, 'Ni mimi nilimwambia acheke.'"

Sasa asubuhi Moreen anajaza maji, halafu anasikiliza. Anangoja kile kikohozi cha Lamwaka uchochoroni, kikohozi kilichotangulia matusi yake matamu. Hakiji. Mwanawe anachukua taulo, anasimama mlangoni akimngoja bibi. Moreen hajapata maneno ya kumwambia. Tena ana mimba ya pili, inakaribia. Kila akiugusa ukuta ule wa chumbani, anajiuliza safari hii nani ataingia bila hodi.

Okeny na ndugu zako, poleni sana. Mmetuazima mama yenu miaka mingi, nasi tumemrudisha amechoka. Mungu amlaze pema.

Ninyi mliobaki, fikirini, lakini msifikiri mkiwa mmekaa. Ijumaa wafadhili wale wanarudi Bwaise, kwenye ukumbi ulio karibu na mashine ya unga, kusikiliza maombi mapya. Moreen ataomba chumba kifunguliwe. Nilimuuliza atavaa nini.

"Leso yangu ya kujifunga nyumbani," akasema. "Na nikianza kulia, mtu asinifute."

Kwa hiyo inuka. Sasa hivi, redio ikiwa bado inaongea. Nenda kwa yule jirani yako mtulivu, sukuma mlango, mshike mkono. Ijumaa mlete alivyo. Usimpake mafuta.