Fimbo Iliyobaki Langoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mlinzi wa lango wa mahabusu yetu ya watoto atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliajiriwa kama kibarua wa miezi mitatu. Wasimamizi sita wamekuja na kuondoka, na kila mmoja alimkuta pale pale, kwenye kibanda cha mabati chenye kiti kimoja cha mgeni, birika, redio inayoshika stesheni moja tu, na daftari la wageni. Watoto walimpa jina la Mzee Saini. Hata mgeni rasmi wa siku ya kupanda miti aliambiwa asaini kwanza, na alisaini, huku wapiga picha wakimsubiri juani.

Kamati ya jarida letu imeniomba mimi, matroni wa bweni la wavulana, niandike wasifu mfupi, wenye furaha, usiogusa mambo ya utawala. Kwenye ufupi nitajitahidi, na furaha ipo tele. Hilo la tatu wanisamehe. Mafundi wameshachora mstari wa chaki kwenye ukuta wa lango, na mwezi ujao panatobolewa dirisha la kupokelea mizigo. Mzazi atafika, atasukuma mfuko wake, atapewa namba, ataondoka. Hatalazimika kuingia ndani wala kumwona mwanawe. Mzee Saini akitoa mguu tu, kazi yake ya miaka ishirini na minne inafukiwa. Siwezi kumpamba mtu kwa sifa huku nikilinyamazia jambo hilo, na anayetaka wasifu mtamu aende akasome kadi za harusi.

Kazi yenyewe ni sheria moja, na haimo katika kitabu chochote cha kanuni. Mfuko hauingii peke yake. Ukimletea mtoto sabuni, mkate au madaftari, unaingia nao mwenyewe, unaketi naye, unamkabidhi mkononi. Ukimtuma jirani, shemeji au kijana wa pikipiki, mfuko unarudi ulikotoka, na unaambiwa kwa adabu zote kwamba lango liko wazi na mwenye mtoto anasubiriwa.

Sheria hiyo ilizaliwa na kosa lake mwenyewe, na yeye ndiye wa kwanza kulisimulia. Katika mwaka wake wa saba alikuwapo binti wa miaka kumi na mitatu, aliyekamatwa kwa wizi wa nguo kwenye kamba za watu. Kila Jumamosi, kwa miezi mitano, uliletwa mfuko wake, umefungwa vizuri, na Mzee Saini aliupokea na kuweka saini. Aliwaambia wenzake kwamba mtoto yule ana bahati, kwao wanamjali. Siku ya kuachiwa, binti alisimama langoni na furushi lake tangu asubuhi. Hakuja mtu. Ilipofika saa nane mlinzi wetu alifungua daftari ili atafute jina la mzazi, akakuta saini ishirini na moja, zote za wapita njia, na pembeni ya kila moja ipo saini yake yeye. Mama wa binti alikuwa akiishi mtaa wa nne kutoka hapa. Alikuwa anaona aibu, na mfuko ulimsaidia kuificha. Mzee Saini alisema baadaye kwamba yeye ndiye aliyembebea mama yule aibu yake, wiki baada ya wiki, mpaka ikamwangukia mtoto. Tangu Jumatatu iliyofuata hakupokea mfuko usio na mwenyewe.

Basi malalamiko yakaanza. Wapo waliomwita mkaidi, wapo waliomwita dikteta wa geti. Wazazi wenye vyeo walipiga simu juu, na juu wakapiga simu chini. Yeye alitia pamba masikioni. Asidhani mtu kwamba alikuwa hana huruma. Mama anayefanya usafi usiku hospitalini alifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wakati kanuni inasema wageni ni Jumamosi alasiri peke yake. Baba asiye na viatu vya kuvaa alipewa ndara za mlinzi. Bibi aliyekuwa hawezi kutembea, Mzee Saini alimfuata nyumbani siku yake ya mapumziko, akamleta kwa mkokoteni wa jirani, na bibi alisaini kwa kidole gumba akicheka.

Kwa makosa hayo alipata barua tatu za karipio. Alizitundika zote kwa misumari ukutani kibandani, karibu na kalenda, na mgeni akiuliza anaambiwa kwamba hivyo ni vyeti vyake.

Barua ya pili niliisababisha mimi. Naiandika hapa isomwe na wote. Nilikuwa mgeni kazini, napenda shuka zikunjwe sawasawa na ratiba ifuatwe, na wazazi wa saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wananivurugia bweni. Mtoto akishaonana na mama yake, nusu siku hashikiki. Nikaandika malalamiko kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri. Msimamizi aliyaambatanisha na karipio, na kwa hiyo mwandiko wangu nao uko ukutani hadi leo. Miaka kumi na sita nimepita mbele yake kila asubuhi, na Mzee Saini hajawahi kunitajia. Hunisalimia, huniuliza mgongo unaendeleaje, basi.

Kilichonigeuza ni fimbo.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, mwaka ule wa maduka kuvunjwa na kuibiwa. Mtakumbuka jinsi watu walivyopandwa na hasira. Palikuwa na mikutano kila wiki, na kila mkutano ulikuwa na hoja moja: watoto wa siku hizi wamekosa kiboko. Wengine walidai wazazi ndio wafungwe. Katika mkutano wa mtaa Mzee Saini alisimama nyuma ya ukumbi, akasema yeye alimchapa mwanawe wa kwanza mpaka mkono ukamchoka, na alipomaliza alikuwa bado hajajua mtoto ameiba kwa nini. Ukumbi ulimzomea. Alikaa chini, akamalizia chai yake.

Wiki ile tulikuwa na kijana wa miaka kumi na mitano, aliyenaswa ndani ya duka la simu baada ya wakubwa waliomtanguliza kupita dirishani kukimbia. Baba yake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kuonekana nyumbani siku mbili kwa mwezi, anafika mtoto amelala na kuondoka hajaamka. Mama alishafariki. Alhamisi kesi ilikuwa inatajwa, na baba alikuwa ameshamwandikia hakimu kwamba mtoto huyu amemshinda, serikali imchukue. Kwa karatasi ile, kijana alikuwa anakwenda shule ya maadilisho miaka mitatu, na shule yenyewe iko mwendo wa siku nzima kutoka hapa.

Jumanne asubuhi lori likasimama mbele ya lango letu, likaziba njia. Baba akashuka na fimbo. Ilikuwa fimbo mpya, imechongwa, imepigwa msasa, na mpini umezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme ili isiteleze mkononi. Alikuwa na barua pia, imechapwa na kugongwa muhuri, ya kuturuhusu sisi kumtandika mwanawe kila asubuhi mpaka yeye atakaporudi safari. Hakutaka kuingia. Alitaka vitu vyake vipokelewe, asaini, awahi mzigo.

Mzee Saini alifungua daftari. Aliandika kwenye safu ya vitu visivyoruhusiwa, chini ya kisu na kiberiti: fimbo, moja. Akaiweka kwenye kona ya kibanda, akasogeza kiti cha mgeni, akasema fimbo imefika mwisho wa safari yake, sasa anayeingia ni baba. Dereva akafoka. Nyuma ya lori magari yalikuwa yameshaanza kupiga honi. Mimi nilikuwa nimetoka bwenini kuangalia fujo ile, na nilikuwa upande wa dereva, Mungu anisamehe. Niliona mzee anatafuta barua ya nne.

Dereva alisema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima kwamba wahenga hawakukosea, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mzee Saini hakupandisha sauti. Alimuuliza: "Ndugu yangu, mara ya mwisho ulipomsikia akilia, sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito au bado?"

Dereva nilimwona akihesabu kichwani, safari hii na ile, na mahesabu hayamtoki. Kijana alikuwa amebadilika sauti karibu mwaka mzima uliopita. Mimi niliyekaa naye siku tisa nilikuwa nalijua, na baba yake alikuwa halijui. Honi ziliendelea. Mwishowe akachukua kalamu, akasaini, akaingia mikono mitupu, na Mzee Saini akatoka kwenda kuwaomba madereva wengine subira, mmoja mmoja, dirisha kwa dirisha.

Niliwaketisha kwenye chumba cha kunyooshea nguo, maana chumba cha wageni kilikuwa kinapakwa rangi. Hawakukumbatiana. Kijana alisema "Shikamoo, baba" kwa sauti yake mpya, na yule mtu mzima, mwenye mikono ya kugeuza lori, akageukia ukuta. Halafu akaketi. Walizungumza mambo madogo madogo, kikohozi, godoro, mbwa wa jirani. Ilipokaribia kutimia saa nzima ndipo kijana aliposema ni nani aliyemtuma kupita dirishani, na kwamba wale watu walikuwa wakimpa chakula cha jioni kwa miezi mitatu. Maafisa wawili walikuwa wameshamhoji, na mimi nilikuwa nimeshamgombeza vya kutosha. Hakuna aliyekuwa amelipata neno hilo.

Alhamisi baba alifika mahakamani, akaiondoa karatasi yake mbele ya hakimu, na kijana akarudishwa nyumbani chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Dereva aliacha safari ndefu, akapata kazi ya kusambaza maji hapa hapa. Sisemi mtoto aligeuka malaika. Baada ya miezi minne aliletwa tena, kwa ugomvi uliomvunja mwenzake jino. Ila siku hiyo, gari la polisi lilipofika, baba alikuwa ameshatangulia langoni na kalamu mkononi. Leo kijana ni fundi wa friji. Bado ni mbishi, na bosi wake analalamika.

Ninayasema haya kwa wanaodai Mzee Saini alikuwa anadekeza watoto. Hajamdekeza mtoto hata mmoja. Aliyekuwa habembelezwi pale ni mzazi, na hilo ndilo lililowauma watu. Fimbo ni kitu rahisi kuliko kuketi kwenye chumba cha kunyooshea nguo na mtoto usiyemjua. Mfuko nao ni rahisi. Vyote viwili vinatumwa, na wewe unabaki na kazi zako. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea hakupokelewi dirishani.

Utawala unasema dirisha litapunguza msongamano. Ni kweli, litapunguza. Wataacha kuja. Sasa hivi, kati ya watoto arobaini na wawili tulionao, thelathini na wanane wametembelewa na mzazi au mlezi mwezi huu, na daftari lipo, mwenye shaka asaini akalisome. Nilimuuliza Mzee Saini atafanya nini kuhusu ule mstari wa chaki. Alinijibu kwamba mtu anayestaafu hana ukuta, akaendelea kupanga funguo zake. Lakini nilimwona jana, alipodhani yuko peke yake, akiupapasa ule mstari kwa kiganja, na sikuupenda uso aliokuwa nao. Mtu hafanyi kazi miaka thelathini na mmoja ili aagwe kwa tundu.

Kwa hiyo niliandika barua nyingine, kwa mwandiko ule ule mzuri. Nimeomba kuhamishwa kutoka bwenini kwenda langoni. Ni kushuka cheo, najua, na dada yangu ameniuliza kama nimerogwa. Msimamizi ameikubali kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo. Sasa namjulisha, kwa heshima na kupitia jarida lake mwenyewe, kwamba dirisha likitobolewa nitaliwekea kiti changu mbele yake, na mfuko usio na mwenyewe utarudi ulikotoka. Karipio langu la kwanza liandikwe mapema. Msumari ninao.

Mzee wetu, wafanyakazi wa mahabusu hii, watoto waliopita mikononi mwako, na wazazi uliowatia ndani kwa lazima, wanasema ahsante. Mimi nasema ahsante na samahani, na hiyo ya pili nimechelewa nayo miaka kumi na sita. Hatukuambii upumzike kwa amani, maana hujafa, na mkeo ameshatutahadharisha kwamba banda la kuku linakusubiri. Uwe na afya, ulale hadi jua lichomoze, uamke wakati wajukuu wameshachoka kukusubiri. Usije kuchungulia Jumatatu. Langoni pana mtu.