Katibu Nazzareno Pierantozzi, Aliyekataa Kushangilia Mapema

Nazzareno Pierantozzi alizaliwa hapa Montorbo tarehe 8 Desemba 1949, mtoto wa pili wa Primo, fundi seremala, na mkewe Assunta. Mama yake alisimulia kwamba alichelewa kuzaliwa kwa siku kumi na moja. Waliomfahamu baadaye hawakushangaa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha akapelekwa Ancona kujifunza uchapaji, akahitimu Juni 1967. Mwaka 1971 alifungua kiwanda chake kidogo nyuma ya kanisa, na kwa miaka arobaini na mitatu alichapa matangazo ya aina mbili: ya vifo na ya mechi. Yote yalibandikwa ukuta mmoja kwa wino uleule mweusi, na kuna misimu ambayo mgeni asingeweza kuyatofautisha.

Mwaka 1974 alichaguliwa kuwa katibu wa timu ya mji. Alijaza fomu, alihesabu kadi za njano, na alifua jezi kila mwenye kazi hiyo alipogombana na kocha. Mwenyewe alicheza mara moja tu, katika mechi ya hisani, akaomba atolewe.

Familia imekubaliana kutoficha jambo la Mei 1983, maana wote mlikuwepo au mmesimuliwa. Montorbo iliongoza ligi, ambayo bingwa wake hupanda daraja, kwa pointi moja, imebakiza mechi moja, dhidi ya timu iliyokwisha kushuka daraja na ambayo, kwa habari za kuaminika, ilikesha harusini. Siku tatu kabla ya mechi, marehemu alichapa mabango mia nne: MONTORBO MABINGWA. Tarehe 8 Mei tulifungwa moja bila, tukamaliza wa pili, na mabango yakabaki kiwandani, yamekauka vizuri sana.

Tangu siku hiyo hakuna mtu Montorbo anayetamka "kupanda daraja" kabla hesabu haijafunga. Husemwa "kile kitu", tena mkono ukiwa umeshika chuma ili kufukuza mkosi. Anayeteleza hutolewa baa ya Ivana mpaka Jumatatu. Aliyeitunga sheria hii ni marehemu, na aliisimamia kwa ukali wa mtu aliyeacha sigara.

Tarehe 17 Septemba mwaka huohuo alimwoa Graziella Mancinelli, mwalimu wa hesabu. Kwa kuwa karatasi zilikuwepo, kadi za mwaliko zilikatwa kwenye mabango na kuchapwa upande wa nyuma.

"Reno," bibi harusi aliuliza akiigeuza yake, "huku nyuma naona nimekuwa bingwa. Bingwa wa nini?"

"Wa uvumilivu," alijibu, na kwa miaka arobaini alihakikisha cheo hicho hakipotei. Mwaka 1986 walimpata binti yao, Sabina.

Novemba 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alisema labda atafika Pasaka. Wakati huo timu ilikuwa kileleni, ikilitafuta daraja la sita ambalo Montorbo haijawahi kulikanyaga. Kila mtu alijua mgonjwa anasubiri nini, na hakuna aliyeruhusiwa kukitaja.

Pasaka ikapita. Zikiwa zimebaki mechi tatu, tukiongoza kwa pointi tano, Padre Ottavio alimnong'oneza Sabina kwamba uongo mdogo kando ya kitanda cha mgonjwa Mungu hauandiki popote. Sabina akaingia.

"Baba, kuna habari njema. Timu imesha—"

"Pointi ngapi?"

"Tano, baba."

"Mechi?"

"Tatu."

"Tatu mara tatu?"

"Tisa."

"Basi funga mdomo, mwanangu, na ushike kitanda." Kitanda kilikuwa cha chuma. "Na huyo padre mwambie nimemsikia hapo mlangoni. Yeye ashughulikie uzima wa milele, msimamo wa ligi aniachie mimi."

Tarehe 14 Aprili timu ilitoka sare, na waliokuwa wa pili kwenye ligi wakashinda mechi yao. Tarehe 21 timu zote mbili zikashinda. Tofauti pointi tatu, mechi moja, sare inatosha. Alhamisi nahodha, Loris Fabrizi, alikuja kumwona.

"Mzee, utusubiri basi mpaka Jumapili."

"Nikisubiri mtacheza mkinifikiria mimi. Mfikirieni yule winga wao wa kushoto."

Ijumaa tarehe 26 Aprili 2024, saa moja asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa na miaka 74, mkono wake ukiwa mkononi mwa Graziella, baada ya vijiko viwili vya kahawa aliyokatazwa.

Leo ni Jumamosi. Mechi ni kesho, saa kumi na nusu. Baadhi yenu, kwa nia njema, mliomba maziko yasogezwe hadi Jumatatu ili wasifu huu upate mwisho mzuri zaidi. Mjane alikataa. Alisema kungoja Jumatatu ni kujifanya tunajua itakuwaje, na katika nyumba yake jambo hilo halijafanyika tangu mwaka 1983. Kwa hiyo mkienda kuwapa mkono vijana waliovaa nguo za mazoezi pale nyuma, wapeni pole tu. Msiongeze neno.

Ameacha mjane wake Graziella, binti yake Sabina, mkwe wake Matteo, mjukuu wake Noemi, dada yake Palmira, na wachezaji ishirini na wawili.

Apate pumziko tulivu kama alivyostahili. Na kesho, ikifika dakika ya tisini, atuwie radhi kwa kelele zozote zitakazomfikia, za furaha au za namna nyingine.