Fundi Aliyekuwa Akirudisha Tarehe za Chanjo

Kabla habari za msiba hazijafika mwisho wa mtaa, jirani wa ukuta wa pili alishatangaza bombani kwamba marehemu alifuta chanjo za watoto kwa makusudi, na aibu ndiyo iliyomuua. Mkewe alikuwapo, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Alijaza maji, akaondoka. Yaliyotokea yasomwe hapa, marehemu mwenyewe akiwa bado juu ya ardhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1984, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1998, sekondari mwaka 2002, na stashahada ya kompyuta mwaka 2006. Mama yake husema alichelewa kuongea ila aliwahi kuhesabu.

Tangu Agosti 2007 alitunza programu ya kumbukumbu za watoto katika zahanati kumi na moja. Kila lilipotoka toleo jipya, yeye ndiye aliyezunguka kuliweka na kupanga upya majedwali zinamokaa kumbukumbu. Wenzake walimwita Mzee wa Nakala, maana hakugusa mashine kabla ya kunakili kila kitu pembeni.

Alifunga ndoa tarehe 20 Juni 2015. Mkewe, aliyeishia darasa la saba, siku moja alimuuliza huku akikunja nepi, "Hivi baba, kazi yako hasa ni ipi?"

"Kuhamisha nguo toka kabati bovu kwenda jipya. Unahamisha, unahakikisha, ndipo unavunja la zamani."

"Na ukianza kuvunja?"

"Tunabaki uchi, mama."

Walicheka mpaka mtoto akaamka.

Toleo la tatu lilihamisha tarehe za chanjo kwenda jedwali jipya. La nne lilifuta jedwali la zamani, likiamini la tatu limeshapita. Siku ya toleo la tatu, zahanati moja ilikatikiwa umeme, naye akasahau kuirudia. Tarehe 17 Februari 2023 aliweka la nne pale, na tarehe za watoto 640 zikaondoka. Nakala ya pembeni ilikuwapo, lakini mashine ilitunza moja tu, na kabla hajagundua, ikanakili utupu juu yake. Kadi za karatasi zilishakusanywa zikachomwa, kwa kuwa sasa kompyuta ipo.

Hakukusudia. Alisahau, na alikiri siku ileile aliyogundua.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alipita nyumba kwa nyumba na daftari. "Fundi, nina watano," mama mmoja alimwambia mlangoni, "nitakumbuka sindano ya nani?" Mwingine alisema anachokumbuka ni kilio tu. Marehemu aliandika tarehe alizohakikishiwa tu. Nyumba nyingi alitoka na ukurasa mweupe.

Figo zilianza kumsumbua Septemba mwaka huohuo. Kufikia Januari miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii, na mkewe ndiye aliyepita na daftari, kisha akamsomea kitandani. Mwezi Mei surua iliingia mtaa wa zahanati ile. Muuguzi hakujua nani amechanjwa, akaanza kuwachoma wote upya, dawa ikaisha katikati ya foleni. Marehemu alipoambiwa aligeukia ukutani, na siku hiyo hakula.

Alifariki tarehe 6 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akimpangusa uso. Ameacha mama mzazi, mke, watoto watatu, ndugu wanne na wapwa saba. Mola ampe usingizi ambao kitanda cha ugonjwa kilimnyima.

Siku mbili kabla, mdogo wake alimshika mkono akamwambia, "Kaka, kazi umeipiga. Pumzika sasa."

Marehemu alimtazama mkewe.

"Mama, hawa watanisifu. Wewe unajua. Usiwaache waandike kwamba nilimaliza. Andika tulirudisha mia mbili na tatu. Andika bado watoto mia nne thelathini na saba."