Sentimita na Nyumba za Mfano

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkuu wa kitengo cha usanifu wa ndani katika kampuni yetu ya nyumba za ghorofa, ambaye mafundi wote wanamjua kwa jina la Sentimita, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Waliompokea siku ya kwanza wameshaondoka wote, wengine kwa kustaafu, wengine wametutangulia mbele ya haki. Kwa hiyo mhariri wa jarida hili alipotafuta mtu anayemjua tangu mwanzo, alielekezwa kwangu. Mimi ni mama yake. Shule niliishia darasa la saba, lakini la saba la wakati ule, na barua za ukoo mzima niliziandika mimi. Mhariri ameniomba niandike kwa furaha. Penye furaha nitaandika kwa furaha.

Aliingia kampuni akiwa mchoraji msaidizi, binti mwembamba mwenye futi ya chuma mfukoni. Jina la Sentimita alibandikwa na fundi wa vigae ambaye aliambiwa abandue safu nzima kwa sababu ilikuwa imekwenda upande kidogo tu, kiasi ambacho wewe na mimi tusingekiona. Fundi alinung'unika mchana kutwa, akapanga upya, na baadaye huyo huyo ndiye aliyekuja nyumbani na soda mkononi kumwomba amchoree jiko la mkewe. Ni mwanangu, siwezi kumsifu kupita kiasi. Nasema tu kwamba katika mji huu hakuna anayemfikia, na macho ninayo.

Namna yake ya kufanya kazi hakuiga kwa mtu. Kabla ukuta haujapanda, anachora nyumba nzima sakafuni kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi: mlango, kitanda, sinki, mpaka kapu la nguo chafu. Kisha anataka mtu aishi humo. Mtu huyo nilikuwa mimi. Ananipigia simu, mama njoo upike, nami naenda na kofia ya plastiki kichwani, napika bila sufuria, nafua bila maji, nafungua kabati za hewani, wahandisi wamesimama pembeni wanajikaza wasicheke. Siku moja nilirudi nyuma kukwepa mafuta yasiyokuwepo, makalio yangu yakavuka mstari wa ukuta yakaingia sebuleni. Mhandisi mkuu alicheka mpaka akashika nguzo. Binti yangu hakucheka. Alifuta ukuta kwa soli ya kiatu, akausogeza. Ndiyo maana katika majengo yetu watu wawili wanapishana jikoni bila kuombana radhi, na rafu ya juu inafikiwa bila kupanda kiti. Huo ni mkono wangu. Mnaokaa mle, kila mkichukua kikombe, mnachukua kwa kipimo changu.

Jengo la pili lilipokamilika, wanunuzi walikuja, wakaangalia, wakaondoka. Sentimita aliuambia uongozi kwamba nyumba tupu haisemi na mtu, kwamba nyumba ya mfano inahitaji mwenyeji, harufu ya chai, kiti kilichokaliwa. Uongozi ulipenda wazo hilo kuliko alivyotaka yeye. Ukamwambia basi kaa wewe na mama yako. Tukahama na mabegi yetu, na toka hapo tumekuwa tukihama jengo hadi jengo, kila nyumba ikiuzwa tunasogea kwenye mpya. Watu walituonea wivu. Lifti, roshani, maji hayakatiki, nini zaidi?

Zaidi ni hivi. Wageni wanaanza kufika saa nne asubuhi, na kabla ya saa nne nyumba inatakiwa iwe na watu bila kuwa na vitu vyao. Sufuria zinafichwa chini ya sinki. Dawa zangu za presha kwenye kopo la biskuti. Kitanda kinanyooshwa kama cha hospitali, mto wa rangi unakaa mbele ya mto wa kulalia, na mto wa rangi hakuna aliyewahi kuulalia. Ukutani hakuna msumari wa mtu binafsi. Picha za pale ni za duara na mistari, kwa sababu mnunuzi anatakiwa ajione yeye, asituone sisi. Picha ya marehemu mume wangu, baba yake Sentimita, ilikaa kwenye droo ya vijiko vikubwa. Miaka yote hiyo. Nikitaka kumsalimia navuta droo.

Kazi yangu ya ubibi wa mfano niliifanya vizuri, na msimamizi wa mauzo hatakataa. Bwana mmoja alizunguka vyumba vyote kisha akaniuliza kama bibi naye anauzwa pamoja na nyumba. Nikamwambia bibi hauzwi, ila akikuchukia nyumba huipati. Akanunua siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jengo la mwisho. Sherehe ya kufunga mwaka uliopita, mbele ya wafanyakazi wote, mkurugenzi alimshika binti yangu bega akasema, "Hili jengo ni la kukuaga, Sentimita. Nyumba ya mfano humo ni yako na mama. Hamhami tena." Mlipiga makofi. Nilikuwepo, na mikono yangu iliuma kwa kupiga.

Basi akachora nyumba yetu. Kwa mara ya kwanza alinisimamisha kwenye chaki bila kuniambia nipike. Aliniambia nizeeke. Nitembee kama goti limekataa. Niamke kama sioni. Akaweka swichi mahali mkono wangu unapoangukia wenyewe, chuma cha kujishikia bafuni, milango isiyo na kizingiti, dirisha dogo kati ya jiko na ukumbi ili nimwone anapoingia. Kwenye ukuta wa ukumbi, ambapo mwanga wa asubuhi unafika, alipigilia msumari mmoja yeye mwenyewe, akamtoa baba yake kwenye droo. Tulikaa tukamwangalia. Alikuwa amepauka kidogo.

Nyumba hiyo ndiyo iliyouzwa ya kwanza. Watu wa mauzo walileta wateja kuiona kama kawaida, maana kwenye vitabu vyao ilikuwa bado nyumba ya mfano, na hakuna aliyewaambia vingine. Walikuja mtu na mkewe pamoja na mama yao mzee. Yule mama alikwenda bafuni peke yake, akarudi peke yake, akakaa kwenye kiti changu karibu na dirisha, akakataa kuinuka. Mwanawe alilia, jamani, alilia kwa furaha. Wakamalizana jioni ile ile. Sina ugomvi na yule mama. Magoti yake ni kama yangu.

Sentimita alikwenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alimpongeza. Alisema nyumba kuuzwa siku ya kwanza haijawahi kutokea, kwamba hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote kwa mbunifu, na kuhusu yale maneno ya kwenye sherehe, alikuwa anamaanisha mpaka hapo itakapopata mteja. Binti yangu hakubishana. Alirudi, akashusha picha, akaupima ule msumari kutoka sakafuni kana kwamba kuna mtu atamuuliza, akauacha pale pale.

Mafanikio yake yameandikwa ukurasa unaofuata, majengo na tuzo, someni. Siku ya hafla atakabidhiwa saa ya ukutani yenye nembo ya kampuni. Ni saa nzuri, nimeiona.

Wiki iliyopita tumehamia vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya useremala. Mlango wa jikoni unagonga friji. Swichi ya chumbani iko nyuma ya kabati. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikanyoosha kitanda, nikaficha sufuria chini ya sinki, nikakaa. Saa nne ikapita. Binti yangu alinitazama, akaenda akazitoa sufuria moja moja, akazipanga juu ya meza. Kisha akafungua begi.

"Mama, baba tumweke wapi?"

Nikamwambia amwache kwenye droo kwanza, tuone hapa tutakaa muda gani.

Nawashukuru mafundi, hasa wa vigae na wa rangi, ambao ndio waliotubebea vitanda siku ya kuhama bila kuombwa. Nawashukuru wote waliocheka kwenye chaki na waliosogea ukuta uliposogezwa. Wenzako, mwanangu, watasimama ukumbini wakutakie kila la heri, nami nitapiga makofi pamoja nao. Ila langu la moyoni ni dogo kuliko hayo. Nakutakia ukuta. Mmoja tu, wenye mwanga wa asubuhi, ambao ukishapigilia msumari hakuna atakayekuja kuuonyesha kwa watu.