Kapteni Mapezi, Mpiga Picha za Chini ya Bahari

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu na nyote mliofika kutufuta machozi, mimi ni dada yake mdogo, fundi cherehani, na nimesimama hapa kwa sababu kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyestahili kusoma historia hii, aliipitia jana, akanirudishia, akasema yeye haya hawezi kuyatamka mbele za watu. Nitayatamka mimi, ingawa sina uso wa kuwatazama, na ninaomba mnivumilie, kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe.

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kapteni Mapezi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akiwa wa pili kati ya watoto watatu wa baba fundi saa na mama mshonaji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akaendelea na sekondari, ambako alifaulu jiografia na kuanguka karibu masomo mengine yote, jambo ambalo baba alilisema mpaka anaingia kaburini, na mwaka 1989 alihitimu upigaji picha za video katika chuo cha utangazaji.

Alianza kazi kwa kupiga picha za harusi, kazi aliyoichukia kwa sababu, alisema, bibi harusi hatulii, na mwaka 1994 akaajiriwa na studio ndogo iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo ilitengeneza filamu fupi za safari za baharini na za kutunza viumbe wake. Huko alijifunza kuzamia, na huko ndiko lilikotoka jina lake, maana alikuwa akiyajaribu mapezi yake ya mpira sebuleni, anatembea kama bata huku mama akimfukuza na ufagio, na nguo yake ya kuzamia ilipoanikwa kambani, jirani yetu mmoja aliisalimia mara mbili, akanuna kwa kutojibiwa. Alipiga picha za papa, za kasa wakitaga, za wasafiri waliolala kwenye kisiwa kisicho na mtu, na watoto wengi waliokaa hapa leo waliiona bahari kwa ndani kwa mara ya kwanza kupitia kamera yake. Hilo hatumnyimi.

Mwaka 1999 alitengeneza filamu ya dakika nane kuhusu matumbawe, ile mliyooneshwa shuleni, na hapa ndipo kaka mkubwa aliponiomba niruke. Siku ya kupiga picha mashua yao ilitakiwa ifungwe kwenye boya lililowekwa penye mchanga mtupu, ili nanga isiguse matumbawe, lakini boya lile lilikuwa la rangi ya chungwa, linang'aa, na kila alipoinua kamera liliingia kwenye picha na kumharibia bluu yake, basi akaamuru mashua ifunguliwe, wasogee mbele, nanga ishushwe huko huko. Mkondo uliivuta mashua, nanga ikaburuta, na alipozamia akakuta matumbawe yaliyoanza kukua kabla babu zetu hawajazaliwa yamelala vipande vipande. Akayapiga picha. Waliporudi studio, akiwa mezani anahariri, aliziunganisha picha hizo na nyingine alizopiga siku tofauti, za akina mama waliokuwa wakitembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, vijiti mkononi, wakitafuta pweza. Hakutamka neno lolote la uongo, alitanguliza miguu ya akina mama, akafuatisha vile vipande, watazamaji wakamalizia wenyewe.

Filamu ilipata tuzo, ikazungushwa mashuleni, na mwaka uliofuata wakubwa waliufunga mwamba, akina mama wakafukuzwa. Mmoja wao anaonekana uso waziwazi, ameinama, na mama huyo ndiye aliyekaa hapa mbele, kiti cha kwanza, mama mkwe wa marehemu. Ndugu zangu, mama huyu hakuvunja kitu. Aliambiwa amevunja, sokoni wakamwita Mama Nyundo, akaacha pweza waliokuwa wakimlelea watoto, akafagia ngazi za majengo ya watu kwa miaka, hadi yeye mwenyewe akaanza kuamini kwamba labda ni kweli, labda alikanyaga pasipotakiwa. Aliyevunja ni kaka yetu.

Kuhusu ndoa, binti wa mama huyu, ambaye ni mwalimu, alizipanda ngazi za studio kwenda kugombana na mtu aliyemtia mama yake kwenye filamu, wakagombana siku hiyo, wakagombana tena wiki iliyofuata, mara tukasikia wanagombana hotelini kwa chai, na tarehe 20 Aprili 2002 wakafunga ndoa. Kaka hakumwambia kitu. Siku ya harusi wenzake wa studio, kwa nia njema kabisa, waliionesha filamu ile ukutani kama zawadi, mama akajifunika mtandio usoni mpaka ilipokwisha, na sisi upande wa bwana harusi tukapiga makofi. Tangu hapo marehemu hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, mama akiingia sebuleni yeye anatoka kwa mlango wa jikoni, akisalimiwa anainamisha kichwa, nasi tukamsifu, tukawaambia vijana wetu waige heshima ile. Kumbe mwenzetu aibu inamla, sisi tunasema ni adabu.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 2004 na wa kike mwaka 2008. Huyu wa kike akiwa darasa la nne alitoka shuleni, akamwuliza bibi yake mezani kwa nini alivunja matumbawe, bibi akamjibu kwamba hakujua, mjukuu wangu, nisamehe, na baba mtu, aliyekuwa amekaa hapo hapo, aliinuka akaenda kuosha gari lililooshwa asubuhi.

Mwezi Juni 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na mwaka huu wa 2024 alilazwa mara kwa mara, kitanda cha dirishani, ambako mama mkwe wake alimletea supu kwenye chupa, naye akawa anageukia ukutani, wauguzi wakadhani ni maumivu. Alipotueleza mimi na mkewe ukweli wa ile nanga, nilimwambia mama mkwe yuko hapo nje kwenye benchi, mwambie mwenyewe, na nikamwita. Mama aliingia, akaanza kumfuta jasho, akimwita mwanangu, na kaka yangu, aliyekuwa akiogelea na papa, akaomba maji ya kunywa. Baadaye alisema filamu ilioneshwa kwa wote, basi na hili lisemwe mbele ya wote, mimi nilisome. Nilimkasirikia, na mpaka sasa nimemkasirikia, maana alikuwa na mdomo wake. Alifariki dunia tarehe 14 Novemba 2024, asubuhi, mkewe akiwa kando yake, na ni mkewe huyo aliyekata shauri kwenye kikao cha familia, aliposema kama halisomwi, basi yeye na mama yake watakaa nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotuletea viti, maji na faraja, na wafanyakazi wenzake wa studio, ambao mmetuahidi kuiondoa filamu ile mashuleni, nasi tunawaomba msiishie kwenye ahadi, na mkiiondoa mseme ni kwa nini.

Mama, tunakuomba radhi kwa ajili yake, na tunakuomba radhi kwa ajili yetu pia, kwa sababu tungeweza kuja kwako kukueleza faraghani kabla ya leo, na hatukuja. Tuliogopa ukijua hutahudhuria, na watu wakikiona kiti chako kitupu wangeuliza. Mpaka saa hii tulikuwa tunalinda jina letu kuliko lako, huku wewe umeshinda siku tatu jikoni kwetu unatupikia waombolezaji.

Kaka, nimeyasema. Pumzika kwa amani uliyoshindwa kuipata ukiwa hai, na kipaza sauti hiki nampelekea mama.